Hina, piko au koni ya dukani: uchague ipi kwa harusi yako?

Mwezi wa Shaabani ukiingia, barazani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, ninapochorea mabibi harusi, hapakaliki. Kila mwenye binti wa kuozesha anataka amalize kabla ya mfungo, na kila bibi harusi anataka achorwe usiku ule anaoutaka yeye. Mwaka huu alikuja mmoja na mama yake na somo yake, wameshuka kwenye bajaji wakiwa bado wanabishana.

"Hina," mama anasema. "Mimi niliolewa na hina, bibi yako aliolewa na hina."

"Mama, mie nataka piko. Nyekundu kwenye picha haitokei."

Somo akanigeukia. "Haya dada, wewe ndiye mjuzi. Tuamulie."

Nikauliza harusi lini. Wakanijibu kwa pamoja: "Kesho, baada ya Alasiri."

Hapo ndipo penye tatizo. Wengi ninaowaona wakiishia kwenye piko hawakuichagua. Walichelewa, na piko inamkubali mtu aliyechelewa. Kwa hiyo haya nawaandikia wale ambao bado wana siku za kutosha na wanasita: hina ya majani, piko nyeusi, au ile koni ya dukani iliyokwisha kukorogwa. Nitazipitisha zote tatu kwenye mambo yale yale: rangi itakavyotokea kwenye ngozi yako, saa unazohitaji na siku itakazodumu, usalama wa ngozi, udhu, na gharama. Mwisho nitasema ni nani ninayemshauri achukue ipi.

Kwanza, kilichomo bakulini

Hina ni majani ya mhina. Yanaanikwa, yanatwangwa na kuchekechwa, kisha unga unakandwa kwa maji ya ndimu. Ndani ya jani kuna rangi iitwayo lawsoni, na tindikali ya ndimu ndiyo inayoitoa. Kwa joto la Tanga, bakuli likifunikwa saa 6 hadi 12 utaona uso wa hina umegeuka kahawia ilhali chini bado ni kijani. Hapo imeiva. Wengine hutia sukari kidogo ili ishike, na matone ya mafuta ya karafuu au mkaratusi.

Piko tunayochorwa wengi wetu ni dai ya nywele, yaani rangi ya kupaka nywele. Ni unga mweusi wa kupaka mvi, unakorogwa kwa maji kidogo, unachorwa kwa njiti ya chelewa au kwa koni. Jina linawachanganya watu, hasa akija mtu akaiita "hina nyeusi", lakini jani la mhina halitoi rangi nyeusi hata likae siku mbili. Anayekuambia hina yake ni nyeusi tangu dakika ya kwanza amechanganya kitu.

Koni ya dukani ndiyo ngumu kuizungumzia, kwa sababu jina moja limebeba vitu vingi. Boksi lina picha ya mkono wa bibi harusi wa Kihindi, na ndani yaweza kuwa hina, yaweza kuwa hina iliyotiwa kemikali, yaweza kuwa kemikali tupu yenye rangi ya hina.

Rangi

Hina ukiibandua asubuhi ni rangi ya chungwa. Nimeona mabibi harusi wakilia kwa hilo. Usilie, subiri. Rangi inaiva yenyewe kwa saa 24 hadi 48, inapita wekundu, inafika damu ya mzee. Viganjani na kwenye nyayo ndiko inakokolea, maana ngozi ya huko ni nene na lawsoni inashikana na ile tabaka ya juu iliyokwisha kufa. Nyuma ya mkono ngozi ni nyembamba, rangi inabaki kahawia, na kwa sisi weusi wa kweli maua membamba ya hina mahali hapo hayaonekani mbali. Ndiyo maana bibi zetu hawakuhangaika na maua ya uzi. Walifunga hina: ncha za vidole zote, kucha, kiganja kizima, na ukingo wa nyayo ukazunguka kama umevaa kiatu. Mkono uliofungwa hivyo ukipunga, unaonekana mpaka upande wa pili wa uwanja.

Piko inatoka nyeusi tangu kuoshwa, na mistari yake ni mikali. Kwa mtu maji ya kunde au mweupe, maua ya piko nyuma ya mkono yanapendeza sana, sina haja ya kulificha hilo. Ila nimwambie ukweli mweusi mwenzangu: weusi juu ya weusi nao unapotea. Wengi huja na picha ya simu ya mkono wa mtu mweupe, kisha wanashangaa wakiona wao haikutokea vile.

Koni nyingi za dukani hutoa wekundu wa kahawia papo hapo, sawasawa mwili mzima, kiganjani na begani. Kwa picha za siku moja inafaa. Kwa macho yangu rangi hiyo haina kina, haibadiliki siku ya pili, lakini kuna wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo: wanachokiona ndicho watakachokuwa nacho.

Wapo pia wanaotaka hina kwa kujazia na piko kwa kuzungushia. Ni kazi nzuri kwa macho. Kwa upande wa ngozi, hesabu kuwa umepaka piko.

Saa unazohitaji na siku itakazodumu

Hina ya majani inataka ikae mwilini saa 4 hadi 8, na ikibanduliwa isiguswe na maji kwa muda mrefu iwezekanavyo, siku nzima ukiweza. Ibandue kwa kisu butu au kwa mkono uliopakwa mafuta ya nazi, usiikimbilie na sabuni. Joto linasaidia, na ndiyo kazi ya chetezo: mikono juu ya moshi wa karafuu na udi, mbali kiasi cha kutoungua. Inadumu wiki 1 hadi 3, na kwenye kucha inakaa mpaka kucha ikue na kukatwa, yaani miezi.

Kuna jambo linaloharibu kazi yangu kila msimu, nalo ni singo. Bibi harusi anachorwa Jumatano, Alhamisi anaingizwa ndani kusingwa kwa liwa na sandali, na singo inaondoa ngozi ya juu pamoja na rangi yote niliyokesha kuiweka. Kusinga kuanze. Kunyoa na kutoa vinyweleo kuanze. Hina ifuate, juu ya ngozi safi isiyo na mafuta hata kidogo. Na wale wanaokwenda fungate Pangani, wajue maji ya chumvi na mchanga yanaichubua haraka.

Piko inakaa mwilini muda mfupi, saa 1 au 2 mara nyingi hata pungufu, na inadumu wiki 1 hadi 2. Koni za haraka zinaandikwa dakika 15 au 30. Zinapoanza kufutika hufanya madoadoa, kama ngozi yenye chunyu, kwa hiyo zipige hesabu kuwa ni za siku chache.

Ngozi

Hapa nitakaa zaidi.

Dai nyeusi ya nywele inapata weusi wake kutokana na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye dai za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na hauiruhusu kuchorwa kwenye ngozi. Marekani nako haikuidhinishwa kwa ngozi. Mwaka 2006 madaktari wa mzio wa ngozi wa huko Marekani waliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Tena dai kichwani inaoshwa baada ya nusu saa. Piko inakorogwa nzito, inaachwa ikauke, na wengine hurudia mistari mara mbili ili iwe nyeusi zaidi.

Mimi mwenyewe nilichorwa piko mara mbili nikiwa msichana, sikuona kitu. Mara ya tatu ilikuwa harusi ya binamu yangu. Siku ya pili mkono ulianza kuwasha, ile ya kuwasha ndani ambako kucha hazifiki. Siku ya tatu maua yaliinuka. Yaani kila jani na kila kikonyo nilichochorwa kiligeuka lengelenge lenye maji, ua zima limesimama juu ya mkono kama limeshonwa kwa shanga. Lilipopasuka na kukauka, palibaki alama nyeupe ya lile ua, na ilichukua karibu mwaka kurudi rangi yangu. Wapo ambao haikurudi.

Mwili ukishaijua PPD kama adui hausahau maisha yako yote. Miaka baadaye nilipaka dai ya nywele, ngozi ya kichwa ikatoa maji na macho yakafumba kwa uvimbe. Sasa mvi zangu nazipaka hina. Mtu wa namna hii anaweza pia kudhurika na vitu ambavyo hangevifikiria, kama rangi fulani za nguo nyeusi na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka piko ni hili: umewahi kuwashwa kichwa baada ya kupaka dai? Kama ndiyo, piko si yako, hata ncha ya kidole kimoja.

Watu huniambia, "Dada, mie nimechora piko miaka kumi, sijadhurika." Naamini. Wengi hawadhuriki. Ila kutodhurika mara tisa hakukupi hakikisho la mara ya kumi. Na kipimo cha tone dogo nyuma ya sikio, ambacho ni kizuri kwa vitu vingine, kwa piko kina kasoro: kwa mtu ambaye mwili wake ndiyo kwanza unaanza kuikataa, alama inaweza kujitokeza baada ya wiki moja au mbili, na kipimo chenyewe kinaweza kuwa ndicho kilichouamsha mzio.

Hina ya majani ni rahimu zaidi, lakini nayo ina lake, na hili nataka kina mama walisikie. Pwani yetu ya malaria ina watu wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, wanaume zaidi kuliko wanawake. Lawsoni ikiingia mwilini mwa mwenye upungufu huo inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Mtu mzima mara nyingi hapati shida kwa kuchorwa mikono. Mtoto mchanga, ambaye ngozi yake inanyonya kila kitu na mwili wake ni mdogo, anaweza kupoteza damu nyingi kwa siku chache: macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mwili kulegea. Tukitoka arobaini tunapenda kumpamba mtoto nyayo na viganja. Tumpambe kwa nguo.

Hina inaweza pia kuharibiwa na mkono wa mtu. Wapo wanaotia mafuta ya taa au tapentaini ili ikolee. Inakolea, na ngozi inaungua. Kama bakuli linanuka kituo cha mafuta, inuka uondoke, hata kama ushalipa.

Koni ya dukani huwezi kuihukumu mpaka usome boksi. Zile za haraka nyekundu baadhi zina sodiamu pikrameti, kemikali ya dai ya nywele, na zile nyeusi zina PPD. Tafuta orodha ya viambato na mahali ilipotengenezwa. Usajili wa vipodozi nchini uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, kwa hiyo una haki ya kumuuliza mwenye duka kama bidhaa yake imesajiliwa. Boksi lisilotaja chochote ndani yake mimi siligusi. Kisha kamua kidogo kwenye karatasi nyeupe. Hina ni kijani kinachoelekea kahawia, na inanuka majani makavu. Nyeusi kama lami, au nyekundu kama wino, si jani. Na kumbuka hina iliyokorogwa inapoteza nguvu ndani ya siku chache nje ya friza. Koni iliyokaa rafuni miezi kadhaa kwa joto la soko la Mgandini, na bado inatoa rangi kali, inaitoa kwa kitu kingine.

Ukiwashwa na chochote kati ya hivi, osha kwa maji na sabuni mara moja, usipake dawa ya meno wala majivu, usipasue malengelenge. Nenda kituo cha afya. Uvimbe ukipanda usoni au pumzi ikabana, usingoje asubuhi: nenda hospitali ya Bombo usiku huo huo.

Udhu

Rangi iliyoingia ngozini haizuii maji, iwe ya hina au ya piko. Kinachozuia ni kitu kilichokaa juu: tope la hina lisilobanduliwa, gamba la piko lililokauka, na ile hina nyeupe ya siku hizi ambayo ni gundi na rangi, inabanduka kama plasta. Baadhi ya koni za bei ndogo nazo huacha utando. Kwaruza kwa ukucha: kikitoka kipande, ni utando. Mwenye wasiwasi amuulize shehe wake.

Kwa hina, ratiba yetu ya tangu zamani inatosha. Sali Isha, kaa uchorwe, lala na mikono imefungwa kitambaa, bandua kabla ya Alfajiri. Muda huo unatosha kabisa kwa kipimo jani linachotaka. Wengine hupanga kwenye siku zao za mwezi na hawana haraka yoyote.

Gharama

Unga wa hina ni rahisi, unachomlipa mchoraji ni usiku wake. Piko ni rahisi kuliko zote kwa vitu na kwa saa. Koni iko katikati, na inakuwa rahisi kweli pale nyumbani mkiwa na dada mwenye mkono mwepesi. Tofauti yenyewe ni ndogo ukilinganisha na gauni na ukumbi, kwa hiyo sioni kwa nini mtu achague kwa bei.

Nani achukue ipi

Bibi harusi mwenye wiki nzima mbele yake: singo mpaka siku tatu kabla, hina usiku wa siku mbili kabla. Siku ya kutolewa nje itakuwa imefika damu ya mzee. Mweusi sana, mwambie mchoraji akufunge vidole na nyayo, akuwekee maua manene kiganjani, asihangaike na nyuma ya mkono.

Mwenye ngozi nyeupe anayetaka mistari mikali, hajawahi kuwashwa na dai, na amesikia yote niliyosema bado moyo uko kwenye piko: ni mwili wake. Achorwe eneo dogo, aone unga ukifunguliwa mbele yake, isirudiwe mara mbili, isipande shingoni wala usoni, na isikae zaidi ya inavyobidi.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye pumu au ukurutu: hina ya majani iliyokorogwa nyumbani, au asipake. Mwenye G6PD anayejijua aongee na daktari kwanza, hata kwa hina. Watoto wadogo wa kushika maua: bangili na maua ya asumini. Piko kwa mtoto hapana, hata akilia.

Anayekwenda mahafali au sikukuu ya siku moja na hana usiku wa kukesha: koni iliyoandikwa viambato, ijaribiwe tone moja ndani ya kiwiko siku mbili kabla.

Na aliyekuja usiku wa kuamkia harusi, kama yule wa Shaabani. Nilimuuliza kuhusu dai. Akasema alishapaka mara moja, masikio yakavimba. Mama yake akamshika bega, hakusema tena. Tukakubaliana hina, vidole na nyayo tu, nikaanza baada ya Isha, somo akawa anapepea. Alfajiri tukaibandua kwa mafuta ya nazi, rangi ya chungwa kama embe dodo. Kwenye picha za Alasiri ilikuwa nyekundu ya wastani. Siku ya pili ya harusi alinitumia picha nyingine, mikono imeshika kikombe, na ncha za vidole vyake zimekolea kama zabibu.